Bia ya Kipekee Mwanza: Itambue Kabla Kizibo Hakijafunguliwa

Chupa ilikuwa rafu ya juu kabisa nyuma ya kaunta, taa ya buluu ikiimulika usiku na mchana. Bia ya Ubelgiji, chupa fupi nene, bei yake sawa na bia nne za kawaida na mishikaki juu. Nilimwomba mhudumu aishushe. "Kaka, unaitaka au unaiangalia tu?" aliniuliza, lakini akaishusha na kuifuta vumbi mabegani. Niliigeuza nikatafuta tarehe. Muda wake ulikuwa umepita kwa miezi kumi na minne. Nilipomwonyesha alishtuka kweli, akasema tangu aanze kazi pale hajaona mtu akiiagiza. Niliilipia hivyo hivyo, maana nilitaka kujua. Kizibo kilitoka bila mlio. Povu lilipanda kidogo likazama. Harufu yake ilikuwa ya boksi lililonyeshewa mvua.

Naileta habari hii kwa sababu ndugu na marafiki wanaokuja Mwanza huniuliza swali hilo hilo kila mara: ni baa ipi ina bia za kipekee, za kweli, siyo hizi tulizozizoea? Wanataka jina la baa na mtaa. Jina naweza kuwapa, ila mwezi ujao halitawafaa. Bia hizi huja kreti mbili tatu, zikiisha zimeisha, na baa iliyokuwa nazo Pasaka huenda Sabasaba haina hata moja. Kinachomsaidia mtu ni kujua anachokitafuta, ili popote atakapoingia, awe Capri Point au Nyegezi, aweze kuiangalia chupa na kujua kama inastahili fedha yake.

Na hapo ndipo penye mkanganyiko. Tukisema "bia ya kipekee" huwa tunachanganya mambo manne: bia ya nje, bia ya bei ghali, bia ya aina tofauti, na bia inayopikwa na watu wachache kwa kiasi kidogo. Wakati mwingine chupa moja huwa nayo yote manne. Mara nyingi huwa na moja tu, na mnywaji hulipia kitu kile kile alichokuwa nacho kwenye grosari ya jirani.

Ukoo mmoja, majina mengi

Fungua friza ya grosari yoyote, iwe Mabatini, Igoma au Kirumba. Utakuta Safari, Kilimanjaro, Castle, Balimi, Ndovu, Serengeti, Tusker, Pilsner. Ni majina manane ya kampuni mbili, Tanzania Breweries (TBL) na Serengeti Breweries (SBL), na kampuni zote mbili zina kiwanda hapa Mwanza. Watu wana bia zao na wanazitetea kwa nguvu. Nimeona marafiki wakinuniana kwa sababu ya Safari na Kilimanjaro. Lakini zote nane ni laga, ndugu wa tumbo moja.

Bia hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, kimea, hopsi na chachu. Kimea hakihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba inayopika togwa. Ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa. Tofauti ni kwamba mama zetu hutumia ulezi au mtama, na viwanda hutumia zaidi shayiri, ambayo kwa Tanzania hulimwa hasa kule kaskazini. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa kwenye kamba. Ndiyo yanayotia uchungu na harufu. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi, zile ambazo jua huchelewa kuzama, na sisi wa karibu na ikweta hatuna siku za namna hiyo. Kwa hiyo hopsi za Afrika Mashariki huagizwa kutoka mbali.

Chachu ndiyo inayogawa koo. Kuna chachu inayofanya kazi kwenye joto la kawaida, nyuzi 15 hadi 24 hivi, ikachachua upesi na kuacha nyuma harufu za matunda na viungo: ndizi, karafuu, tufaha, pilipili manga. Bia zake huitwa eli, na humo ndimo mlimo na stauti, bia za ngano, na zile bia nzito za Ubelgiji. Chachu ya pili hupenda ubaridi, nyuzi 7 hadi 13, hufanya kazi taratibu na haiachi harufu nyingi. Hiyo ndiyo chachu ya laga. Yenyewe ni chotara wa chachu mbili, na mzazi wake mmoja hakujulikana mpaka mwaka 2011, wanasayansi walipotangaza kwamba wamempata kwenye misitu ya Patagonia, Argentina.

Laga haikuwa bia ya dunia nzima tangu mwanzo. Mwaka 1842 mpishi wa bia Josef Groll alitengeneza laga angavu ya rangi ya dhahabu katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Jamhuri ya Czech, na jina la pilsna limetokana na mji huo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alifanikiwa kuitenga chembe moja ya chachu na kuizalisha ikiwa safi bila mchanganyiko. Tangu hapo kiwanda popote duniani kikawa na uwezo wa kupika bia ile ile leo, kesho na mwakani. Mashine za kupoza zilipoenea, laga ikahamia hata kwenye nchi za joto.

Kuna jambo la maji ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Maji ya Plzeň ni laini, yana madini machache sana, na ndiyo yaliyoifanya pilsna iwe laini mdomoni. Maji ya Ziwa Victoria nayo ni laini, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, haikupita kwenye miamba ya chokaa ikabeba madini. Kiwanda cha leo kinaweza kuyarekebisha maji yoyote yale. Hata hivyo ukiwa umekaa unayatazama maji yakigonga Jiwe la Bismarck, na laga ya dhahabu mezani, ujue kwamba ziwa hili na bia ile wanapatana kwa asili.

Kwa hiyo sidharau laga hata kidogo. Nasema tu kwamba maneno "Premium", "Extra" na "Special" kwenye lebo ni maneno ya soko, hayakuambii aina ya bia. Balimi, ambayo kwa Kisukuma jina lake ni "wakulima", ni laga ya Kanda ya Ziwa na ina heshima yake, lakini neno Extra lililo pembeni halijaitoa kwenye ukoo.

Ya nje siyo lazima iwe tofauti

Sasa twende kwenye friza ya pili, ile yenye mlango wa kioo kwenye baa za hoteli kando ya ziwa. Humo unaweza kukuta Heineken ya Uholanzi, Corona ya Mexico, Stella Artois ya Ubelgiji, Windhoek ya Namibia. Bei imepanda, chupa imepungua ukubwa, na ukoo ni ule ule: laga. Kati ya hizo, Windhoek ina hadithi nzuri zaidi, maana hupikwa kwa kufuata sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyoruhusu maji, shayiri na hopsi tu. Chachu haikutajwa kwenye sheria hiyo, na wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni kiumbe hai.

Umiliki nao umezungushana. Mwaka 2016 kampuni ya AB InBev, yenye makao makuu Ubelgiji, iliinunua SABMiller, na TBL ikawa chini yake. Stella Artois ni ya AB InBev. Leffe, yenye picha ya abasia, yaani makao ya watawa, kwenye lebo, ni ya AB InBev pia, na hupikwa kwenye kiwanda kikubwa cha Leuven. Abasia imetoa jina lake tu. Basi mtu anayeikwepa Safari Lager ili anywe Leffe kwa kutoroka viwanda vikubwa, fedha yake bado inaishia mfuko ule ule. Leffe yenyewe ni eli na ina ladha yake, sina ugomvi nayo. Ila bia ya watawa siyo.

Bia ya watawa kweli ina alama. Tafuta umbo la pembe sita lenye maandishi ya "Authentic Trappist Product". Alama hiyo hutolewa na chama cha abasia za Trapisti kilichoanzishwa mwaka 1997, na masharti yake ni magumu: bia ipikwe ndani ya eneo la abasia, chini ya usimamizi wa watawa wenyewe, na mapato yaende kwenye matunzo ya abasia na kusaidia watu. Chimay, Orval, Westmalle na Rochefort zinayo. Chimay ndiyo inayosafiri sana duniani, na kwa bahati ukikuta chupa ya Trapisti ukanda huu, kuna uwezekano mkubwa ikawa ndiyo hiyo.

Karibu na kwetu kuna kizazi kipya cha wapishi wadogo. Nairobi wako 254 Brewing Company na Bateleur, Uganda wako Banange, na Crafty Dee's ilianzia Dar es Salaam. Hawa hupika bia za ngano, eli chungu zenye hopsi nyingi ambazo huitwa IPA, na stauti. Kwangu mimi chupa ya Nairobi iliyopikwa juzi ni ya kipekee kuliko chupa ya Ulaya ya mwaka juzi, hata kama ya Ulaya ina jina kubwa mara mia.

Na kuna moja watu huipita kila siku bila kuiangalia: Guinness, ambayo ni stauti. Iko karibu kila grosari, na kwenye friza yenye majina manane ya laga ndiyo peke yake ya ukoo mwingine. Weusi wake hutokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuwa kama kahawa, na ndiyo maana ina ule uchungu mkavu. Guinness nyingi inayopikwa barani Afrika hutumia kiini kinachotengenezwa Dublin kisha kuchanganywa na bia inayopikwa hapa hapa barani. Rafiki akiniambia hana fedha za kutafuta bia za ajabu ila anataka kujua tofauti, humwambia aagize Guinness moja na Safari moja, amimine kila moja kwenye glasi yake, anywe polepole kwa zamu. Somo lote la koo mbili liko kwenye glasi hizo.

Joto, mwanga na safari

Kontena likishushwa bandari ya Dar es Salaam, bado kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara hadi Mwanza. Kabla ya hapo limeshavuka bahari ya joto, likakaa bandarini juani. Bia haipendi joto. Kila nyuzi kumi zinazoongezeka huzidisha kasi ya kuchakaa takriban mara mbili au zaidi, na hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa humalizia kazi. Ile harufu ya boksi lililolowa niliyoikuta kwenye chupa ya Ubelgiji ndiyo alama ya bia iliyozeeka kwa hewa na joto.

Mwanga ni adui wa pili. Hopsi zikipigwa na mwanga hutoa kemikali yenye harufu kali, kama ya mnyama aliyekasirika. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na ya kioo cheupe haizuii karibu chochote. Kwa hiyo zile taa nzuri za rafu ya maonyesho, ambazo mwenye baa amezilipia ili bia ionekane ya thamani, ndizo zinazoiua. Ukitaka bia ya aina ile, iombe kutoka ndani ya boksi au friza yenye giza. Ya rafuni iache ipendeze hapo hapo.

Kwa sababu hiyo aina ya bia ina maana kubwa kwetu watu wa mbali na kiwanda. IPA hutegemea harufu ya hopsi, na harufu hiyo hufifia ndani ya miezi michache. IPA ya Ulaya iliyofika Mwanza ikiwa na mwaka mmoja imebaki uchungu mtupu. Bia nzito za kahawia za Ubelgiji, zenye kilevi asilimia 8 au 9 na chachu hai ndani ya chupa, huvumilia zaidi. Chachu ile inaendelea kula hewa iliyobaki. Utaiona kama vumbi jepesi chini ya chupa, na vumbi hilo lisikutie hofu. Mimina taratibu, acha kidole kimoja cha bia chini. Ukilazimika kuchagua chupa ya Ulaya bila kujua historia yake, chagua nzito, nyeusi, yenye chachu.

Hapa nitaje hesabu moja kwa faida ya anayeendesha pikipiki. Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Duvel, eli ya Ubelgiji, kwenye chupa ya mililita 330 ina asilimia 8.5, yaani mililita 28. Kachupa kale kafupi kamebeba kuliko chupa kubwa uliyoizoea.

Halafu kuna lile swali la kila baa ya Tanzania: "Baridi au moto?" Mgeni kutoka nje hushtuka akidhani bia inachemshwa. "Ya moto" ni ile isiyotoka kwenye friza, ya joto la chumba. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa hunywa ya moto, na wapo vijana wanaowaona ni washamba. Washamba siyo wao. Ubaridi mkali huuzima ulimi. Ladha na harufu hazitoki. Laga nyepesi haipotezi mengi ikiwa ya baridi kama barafu, kwa kuwa ilitengenezwa iburudishe. Lakini stauti au bia nzito ya Ubelgiji iliyolala kwenye friza chini ya nyuzi 4 umeilipia bure. Mwambie mhudumu aitoe mapema, ikae mezani dakika ishirini huku sato wako akiendelea kukaangwa. Kwa joto la mchana wa Mwanza, ya moja kwa moja kutoka kwenye boksi nayo imezidi moto. Katikati ndiko kunakofaa, nyuzi 10 mpaka 12 hivi.

Bia ya kipekee kuliko zote iko ng'ambo ya ziwa

Nimekwenda mbali mpaka Ubelgiji, na sasa nataka kurudi Kagera, kwa sababu hapa ndipo ninapoona tunajinyima wenyewe.

Mwaka juzi nilifuatana na rafiki yangu mpaka kwao Kamachumu, wilaya ya Muleba. Babu yake alikuwa anatengeneza rubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya wageni wa mahari. Tulimkuta shambani asubuhi, tukampa shikamoo, akaitikia bila kuinua uso kwenye shimo alilokuwa anafukua. Ndani ya shimo kulikuwa na ndizi za pombe zilizofukiwa kwa majani siku kadhaa ili ziive kwa joto. Zilitoka za njano, laini, zikinukia utamu. Zikamenywa, zikawekwa kwenye chombo kikubwa kilichochongwa kwa gogo mfano wa mtumbwi, pamoja na nyasi kavu. Vijana wawili wakanawa miguu vizuri, wakaingia, wakaanza kuzikanyaga. Nyasi huzishika nyama za ndizi zisitoke. Juisi peke yake hupenya. Waliimba kwa sauti ya chini, na miguu ikafuata wimbo.

Juisi ilipokwisha kuchujwa, babu alileta mtama uliokaangwa na kusagwa, akaumimina, akakoroga kwa mkono, akafunika chombo chote kwa majani ya mgomba. "Msifunue," alituambia. "Inafanya kazi." Usiku, ukitega sikio karibu na majani, ulikuwa unasikia mnong'ono, kama mvua nyepesi juu ya bati mbali. Kesho yake mchana ilikuwa tayari: ya rangi ya kahawia, nzito kidogo, tamu mwanzoni na yenye ukali wa uchachu mwishoni, na harufu ya mtama uliokaangwa ikija nyuma. Tulikunywa kwa vibuyu na mirija.

Angalia kilichotokea pale. Hakuna aliyetia chachu. Chachu ilikuwa kwenye maganda, kwenye nyasi, kwenye mbao za chombo ambacho kimetumika miaka na miaka bila kuoshwa kwa sabuni. Ulaya kuna bia moja mashuhuri inayofanywa kwa njia hii: lambiki, ya bonde la mto Senne karibu na Brussels. Mchuzi wa nafaka huachwa usiku kwenye sinia kubwa la wazi, chachu za hewani na za kwenye majengo ya kale zikaingia zenyewe, kisha bia ikalazwa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja mpaka mitatu. Kiwanda cha Cantillon kilianzishwa mwaka 1900, na watu husafiri kutoka mabara mengine kwenda kukaa kwenye benchi zake. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Lambiki hukaa miaka, rubisi hukaa siku mbili tatu. Mbinu zina tofauti nyingine nyingi. Lakini msingi ni mmoja: mahali penyewe ndipo panapochachua. Chukua ndizi zile zile, ukazikanyage kwenye chombo kipya mjini, hutapata rubisi ya babu yule. Hiyo ndiyo maana ya upekee ninayoiamini mimi, na inaniuma kuona mtu wa Mwanza akilipa fedha nyingi kwa bia ya Ubelgiji iliyokwisha kufa, wakati ng'ambo ya maji kuna ndugu wa lambiki, yu hai, na haitwi hata bia. Tunamwita "pombe ya kienyeji" kisha tunashusha sauti.

Hapa Mwanza kwenyewe kuna vilabu vya pombe hizo, na humo utakutana na komoni ya mahindi na ulezi, kangara, wanzuki ya asali, na pombe ya mtama. Ubora hupishana sana. Angalia maji yanatoka wapi, vyombo vinaoshwaje, na uliza imepikwa lini. Mpishi mzuri hujibu bila kusita, kwa saa na siku. Wanzuki ikiwa imetengenezwa kwa asali kweli, bila kujazwa sukari, ni kinywaji ambacho ningempa mgeni yeyote. Gongo iache. Siyo bia, ni pombe ya kukeneka, ni haramu kisheria, na hakuna anayejua kwa kuionja kama ina sumu.

Kutafuta mjini

Ukiwa na siku moja Mwanza, usianzie baa. Anzia maduka ya vinywaji katikati ya mji na supamaketi za Rock City Mall, kwa sababu hapo unaweza kuishika chupa, kuisoma na kuirudisha bila kumkwaza mtu. Soma tarehe, soma imepikwa wapi, na usidanganywe na bendera iliyochorwa kwenye lebo. Kwa bia ya nje angalia stempu ya kielektroniki ya TRA. Programu ya Hakiki Stempu kwenye simu itakuambia kama stempu ni halali. Chupa isiyo na stempu imepita njia ya panya, na aliyeipitisha hakujali ilikaa juani siku ngapi. Kisha mwulize muuzaji anampelekea nani chupa kama hizo. Swali hilo limenifikisha kwenye kaunta nzuri kuliko ushauri wa mtu yeyote, maana muuzaji anajua baa ipi inarudi kila wiki na ipi ilichukua boksi moja mwaka jana.

Ukifika baa, kaa kaunta badala ya meza za mbele. Zungumza na anayepanga friza. Baa yenye aina tatu za kipekee zinazokwisha kila mwezi ni bora kuliko yenye aina thelathini zenye vumbi. Kama kuna drafti, uliza pipa limefunguliwa lini na mabomba yamesafishwa lini. Wiki mbili ndiyo kipimo cha kawaida cha kusafisha. Bia ya bomba ikinukia siagi au siki, rudisha kwa upole, mwambie mhudumu aionje mwenyewe. Dada au kaka wa kaunta akionjeshwa tofauti mara moja, huwa mwalimu wa wateja wote wanaofuata. Yule aliyenishushia chupa ya vumbi nilimpa aionje glasi ile; wiki mbili baadaye nilipopita nilikuta rafu ya juu imepangwa maua, na boksi moja la Chimay liko chini ya kaunta, gizani, na tarehe ya kwisha muda ameiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni.

Na rubisi? Wanaotoka Bukoba huja nayo. Mara ya mwisho rafiki yangu aliniletea madumu mawili kwa meli ya usiku. Alinipigia simu akiwa bado majini, saa kumi na moja alfajiri, kunikumbusha niende na chombo chenye mdomo mpana, kwa sababu vifuniko alikuwa amevilegeza ili gesi itoke, na dumu moja lilikuwa linatoa povu tangu walipopita visiwa. Niliwakuta bandarini, yeye amekalia begi, dumu amelipakata katikati ya magoti. Tuliinywa siku hiyo hiyo mchana, ya moto, pamoja na sangara wa kuchoma, kabla haijageuka.